Mama Amisa na Kilio ya Konstitisyo

Ukifika Kolwezi, uliza bantu ba miaka ya zamani: "Mama Amisa alikuwa nani?" Batacheka kwanza. Halafu batakuuliza: "Ule wa kilio?" Weye itika tu. Batavuta kiti, na ile siku hautarudia mapema ku nyumba.

Mama Amisa alikuwaka bibi ya ndoa ya Nasoro, shofere wa lori. Bazazi yao balitokaka Kasongo, bantu ba biashara na ba musikiti, na nyumba yao ilikuwa pale Manika, nyuma ya soko. Nasoro alikuwa mutu wa kimya. Lori yake njo ilikuwa inasema. Ukisikia inakohoa toka njia ya Fungurume, unajua Nasoro anarudia na mihogo, na samaki ya chumvi, na pengine mbuzi moja mwenye hakuna mutu alimuitaka. Mama Amisa yeye alikuwa anauzisha mayai kule ville, mu mitaa ya bazungu, mulango kwa mulango. Alikuwa mwanamuke mukubwa. Si urefu, nasema upana. Akiikala pa benchi ya dispensaire, kule banatibiaka bagonjwa, mwenye aliikala ngambo ingine anapanda juu.

Alikuwa na mutoto moja mwanamuke, Mariamu, na ule mutoto njo alileta maneno yote. Alikuwa na ugonjwa ya kuandika. Si mu kaye, ile daftari ya masomo, kaye alikuwa nayo wapi? Aliandika na makala ya moto pa bibambazi, pa kuta za nyumba ya bantu. Asubui unatoka kunawa uso, unakuta pa ukuta yako kuku, lori, na mutu mwenye kichwa kubwa mwenye anafanana na weye.

Mama Ndaya, jirani yao, alichoka. Mama Ndaya alikuwa mukatoliki wa kule nord, kaskazini, mwimbishaji wa korale, na ku kilio, ku matanga ya bafu, hakuna mutu alimushindaka sauti.

"Amisa!" akapiga kelele juu ya lupango, ule uzio ya nyumba. "Peleka huyu mutoto ku masomo mbele atumalizie nyumba! Jana aliniandikia jua pa mulango, na ile jua iko na masikio!"

"Masomo gani, dada? Sema masomo gani!"

Na kweli, masomo gani? Ile ya karibu na siye ilijaa mpaka batoto balikuwa banaikala pa dirisha, miguu inje. Masomo ya Kampani ya mugodi ilikuwa ya batoto ba bantu ba Kampani, na Nasoro hakuwa wa Kampani, alikuwa wa lori yake. Ilibakia tu ile ya ville, ile baliitaka Mimosa. Matofali mekundu, maua pa dirisha, kengele yenye sauti ya kisahani. Pale batoto balikuwa beupe, tangu wa kwanza mpaka wa mwisho, kama mayai ya Mama Amisa.

Usifikiri kulikuwa na sheria ya kukataza batoto beusi. Hapana! Ile ilikufaka na bakoloni. Jina ya inchi ilishabadirika, jina ya muto ilishabadirika, hata siye wenyewe balishatubadirisha majina. Pale Mimosa, ilibadirika tu rangi ya mulango. Ukienda kuuliza, directeur, mukubwa wa masomo, alikuambia na adabu mingi hakuna mutu anakatazwa, ni nafasi tu njo imejaa. Kila mwaka nafasi ilijaa. Na ilijaa kila mara dakika moja mbele ya mweusi wa kwanza kufika. Ule directeur siye tulimuitaka Malunette, ju ya malunette yake ya macho, nene kama matako ya chupa.

Sasa, posho moja, njo jumamosi, asubui tulikuwa ku salongo, ile kazi ya lazima ya kufyeka majani ya mutaa. Citoyen Mbuyu, mukubwa wa chama pa mutaa yetu, mutu mufupi mwenye abacost ndefu, ile koti ya chama, akapanda juu ya brouette, ile toroli ya majani, kutusemesha.

"Konstitisyo ya Zaïre inasema nini? Inasema raia wote ni sawa mbele ya sheria! Hakuna mukubwa, hakuna mudogo! Weye kule, leta maji ya mukubwa."

Mama Amisa akaweka jembe chini. "Citoyen, samahani. Ile konstitisyo ni kitu gani?"

"Ni katiba, mama. Ni mama ya sheria yote."

"Inafika mpaka ville?"

"Inafika mpaka mupaka ya inchi!"

"Na mu Mimosa inaingia?"

"Mpaka mu jikoni ya Mimosa!"

Mutu akiwa juu ya brouette anasemaka mingi.

Siku ya kwanza ya kazi Mama Amisa akamuogesha Mariamu mpaka akametameta, akamuvalisha robe ya sikukuu, bakaenda. Malunette akawapokea pa mulango. Alitazama mutoto, akatazama mama, akatazama tena mama ju hakumumaliza mara ya kwanza.

"C'est complet, madame. Nafasi hapana. Ngojea inje, mimi taangalia."

Bakangojea inje. Kengele ya asubui, kengele ya saa sita, kengele ya kurudia. Malunette akafunga mulango na akapita mbele yao kama banapitaka mbele ya muti. Kesho yake vile vile. Mama Amisa alisimama mpaka miguu ikavimba.

"Mi si nguzo ya umeme," akamuambia Nasoro magaribi.

Nasoro akafikiri. "Hapana," akasema. Ile siku alisema mingi.

Basi asubui iliyofuata Mama Amisa akajipanga. Akabeba mukeka ya kuikala, mbabula, jiko yake ya makala, na birika ya chai. Ile asubui alikuwa amefumua nywele ili Mama Ndaya amusuke, lakini Mama Ndaya akakawia ku soko, na Mama Amisa akaona saa inapita. Akatoka vile. Kitambaa yake ya kichwa alifungia birika, chai isipoe. Na ju kitenge zake za rangi zilikuwa pa kamba, mbichi, akafunga pa kiuno ile nyeusi.

Sasa weye unasoma, kama uko mutu wa kwetu, ona hii picha. Mwanamuke anaikala chini pa mukeka, mbele ya mulango ya bantu. Nywele wazi. Kitenge nyeusi pa kiuno. Moto pembeni. Mutoto anamuegemea, ameinamisha kichwa ju ya usingizi. Unaona nini?

Njo vile. Hata mi nilipita na kinga yangu, baiskeli, nikaacha kukanyaga, nikavua kofia.

Ju kilio kwetu iko na sheria yake, hata kama haikuandikwa fasi: ukiona kilio, unalia kwanza, unauliza kisha. Kuuliza mbele ya kulia ni matusi, ni kama unapima kama ule mufu anafaa machozi yako. Na hauulize mwenye kufiwa. Unauliza mwenye anaikala pembeni yake, mwenye pia hajue.

Mama Ndaya njo alitangulia. Alikuwa anatoka soko na kitunga ya sombe, majani ya mihogo, pa kichwa, akaona jirani yake kule mbali. Kitunga ikaenda kwake, yeye akaenda kwake.

"Ayeee! Ayeee mama! Nani tena! Banatumaliza!"

Alianza kulia toka pale njia inakatana, akakimbia akilia, akaanguka pa shingo ya Mama Amisa.

"Ndaya! Nini?"

"Lia, dada, lia! Usifunge mu moyo!"

"Mi sina kilio, Ndaya."

"Njo vile banasemaka! Roho inakataa kwanza!"

Mama Amisa akajaribu kueleza. Kadiri alieleza, njo kadiri bamama balimuonea huruma. Bamama ba soko bakafika, bakaikala pa mukeka. Bantu ba mugodi, wale ba kutoka kazi ya usiku, bakafika na kofia zao za chuma mu mikono. Mutu akaleta kuni. Mutu akaleta ngoma. Sijue nani alisema kwanza ni directeur njo alikufa, lakini ilikuwa na akili: kilio iko pa mulango ya nani?

"Alikufa ya nini?"

"Banasema alimeza lufungulo."

"Ah! Njo maana ule mulango haufunguke."

Tata Stanislas akaingia. Ile mwaka majina ya kizungu ilikatazwa, kwa hiyo bantu ba chama bakipita tulimuita "citoyen", raia, tu, bakishapita anakuwa tena Stanislas. Unajua kwetu bajukulu ya mufu banaruhusiwa kuchekesha ku kilio, banamuiga marehemu vile alikuwa, na hakuna mutu anakasirika. Stanislas alijifanyaka mujukulu ya kila mufu wa Kolwezi. Akakunja waya, akatengeneza malunette, akaivaa, akasimama pa mulango kama ni ya mbinguni.

"Mutakatifu Petro, fungua! Ni mi, directeur ya Mimosa!"

Akaruka ngambo ingine, akajibu yeye mwenyewe: "C'est complet!"

"Lakini mi ni directeur!"

"Nafasi hapana. Ngojea inje, mimi taangalia!"

Bantu bakacheka na machozi pa uso, na pale pale mulango ukafunguka. Malunette mwenyewe akatoka.

Mama moja akapiga kelele, akakimbia, kiatu yake moja ikabakia. Stanislas akavua malunette yake ya waya pole pole, akanyosha mukono.

"Pole sana, Monsieur. Tulisikia umekufa. Lakini uko muzuri, kwa mufu."

"Mimi hapana kufa!" Malunette akapiga kelele na Kiswahili yake ya jikoni. "Nani sema mimi kufa? Yote kwenda! Kwenda nyumba!"

Hakuna mutu alienda. Mama Ndaya akasimama, mikono pa kiuno.

"Basi nani alikufa?"

"Hapana mutu!"

"Hapana mutu vipi? Mi nililia mpaka sauti inakatika. Sombe yangu iko mu mavumbi. Na mi nirudie nyumbani na machozi ya bule? Bantu ba korale batasema nini? Monsieur, kama si weye, tafuta mwengine!"

Pale njo Citoyen Mbuyu alifika, anakimbia, abacost inamupiga magoti.

"Kilio bila ruhusa! Nani alikufa? Nani mwenye kilio?"

Bantu bote bakamutazama Mama Amisa. Mama Amisa akasimama, na ile ilichukua wakati. Akamushika Mariamu mukono.

"Citoyen, mi sijue mufu. Mi nilikuja kutafuta ile konstitisyo yako. Ulisema inafika mpaka mu jikoni ya Mimosa. Nikapiga hodi, haikuitika. Nikangojea, haikutoka. Miguu yangu, angalia, ni kama ya tembo. Huyu mutoto anataka kusoma, na kila siku banamuambia nafasi hapana. Kitu unaiita haiitike, unaingojea haitoke, kwetu tunasemaka nini? Mi sijasema imekufa, tata. Nasema tu: weye mwenye unaijua, ingia, uangalie kama ingali inapumua."

Macho ya Mama Ndaya ikawaka. Hatimaye alipata mufu.

"Ayeee! Konstitisyo yetu! Ilikuwa ingali kitoto!"

"Ayeee!" bamama bakaitika.

"Mama ya sheria yote, unatuacha bayatima! Hata miaka kumi haukufikisha! Hata maziwa haukumaliza!"

Ngoma ikaanza. Bantu ba mugodi bakavua tena kofia. Mi nakuambia, nimeonaka vilio ya bakubwa, ya bapadri, ya mucheza mupira moja wa hapa. Hakuna mufu alililiwaka sawa ile konstitisyo.

Citoyen Mbuyu akageuka rangi ya majivu. Akaona maneno inafika Lubumbashi: kule kwa Mbuyu raia balizika konstitisyo ya inchi hadharani, na balikunywa chai juu yake.

"Nyamazeni! Konstitisyo iko muzima!"

"Tuonyeshe!" Stanislas akaitika toka nyuma, alishainama chini ya bega ya mutu.

Mbuyu akamugeukia Malunette. Jasho ilimutoka mpaka mu kola.

"Monsieur le directeur. Mbele ya bantu hawa. Konstitisyo ya Zaïre, hapa kwako, ni muzima ao ni mufu?"

Malunette akatazama kofia za chuma, akatazama ngoma.

"Muzima! Muzima sana!"

"Basi mutoto aingie."

"Ah, ile, citoyen, ni kintu ingine. Nafasi hapana. C'est complet."

"Twende tuone complet yako."

Bakaingia: Mbuyu, Malunette, Mama Amisa na Mariamu, na Mama Ndaya nyuma, kwikwi ingali inamushika kidogo kidogo kama lori ya Nasoro yenye imezimwa na haitake kuzimika. Mu darasa batoto ba kizungu bakasimama. Kule nyuma benchi zilikuwa tupu. Ila moja. Juu ya ile moja paka munene wa kijivu alikuwa analala.

"Huyu ni nani?" Mbuyu akauliza.

"Ni Minou," Malunette akasema. "Paka yangu."

Mbuyu akazunguka paka. Akainama, akamutazama uso kwa uso, vile anatazamaka bantu ku contrôle ya karatasi.

"Huyu iko na nafasi?"

"Ni paka tu, citoyen."

"Naona. Alizaliwa wapi?"

"Hapa Kolwezi. Mu garage yangu."

"Basi ni mwenyeji! Masomo yako ilishapokea mwenyeji, na mwenye hata hajue kushika kreyo ya kuandikia. Raia mwenye anajua kuandika jua na masikio, unamukataa ju ya nini? Ao unataka kusema huyu paka ni mugeni? Kama ni mugeni, karatasi zake za kuikala Zaïre ziko wapi?"

Na Mama Ndaya aliapa mpaka kufa kwake: Malunette alijipapasa mu mifuko.

Halafu akachoka. Ilionekana, mabega ikashuka. Akamubeba Minou, akamuweka pa dirisha.

"Aingie," akasema.

Mama Amisa akamusukuma Mariamu mbele. Mariamu hakuenda. Alishika kitenge ya mama yake na mikono yote mbili.

"Mama, sitaki."

"Hautaki nini?"

"Hapa njo bantu banakufiaka. Bantu bote balilia. Hata Mama Ndaya."

Mama Amisa alishapigana na jua, na miguu yake, na nafasi hapana. Na sasa mulango uko wazi na mutoto haingie. Mi nafikiri ile njo saa moja tu aliogopa. Kama akitoka pale na mutoto, nafasi itajaa nyuma yake kabla hajavuka njia.

"Angalia," akasema. "Mi naikala kwanza. Kama ni mubaya, nakufa mi."

Akajisukuma mu benchi. Ile benchi ilikuwa ya mutoto wa miaka saba wa kule Bulaya, kiti na meza imeshikana. Aliingia. Aliikala. Akacheka kumuonyesha Mariamu: "Unaona? Ni tamu."

Halafu akataka kusimama, na benchi ikasimama pamoja naye.

Citoyen Mbuyu akavuta. Haikutoka. Malunette akavuta benchi upande yake, Mbuyu akavuta mama upande yake, na bakazunguka darasa kama bantu banahamisha kabati. Batoto bakaanza kucheka. Kasichana kamoja ka pua ya madoa, Valérie, kakakimbia kakashika mukono ya kuume ya Mama Amisa, kakavuta na nguvu yake yote. Mariamu akaona: mutoto mwengine anavuta mama yangu! Wivu ikamukamata. Akaacha kitenge, akashika mukono ya kushoto.

"Tire!" Valérie akapiga kelele.

"Vuta!" Mariamu naye.

Mama Amisa akatoka kama kizibo ya chupa. Akaanguka juu ya Malunette, na malunette yake ilipatikana kisha tu, mu maua. Mariamu akacheka mpaka akaikala bila kujua, mu ile benchi, pembeni ya Valérie, na Valérie akamupa kipande ya craie, chaki ya masomo.

Inje bantu balikuwa banangojea. "Mama Ndaya! Imepona?"

"Imefufuka!" Mama Ndaya akasema. "Lakini ingali zaifu. Inaweza kubeba mutoto moja tu kwa sasa."

Baliitika amina, bakamaliza chai, na Stanislas akaomba nyama ya kilio, bakamufukuza. Mbele ya Noeli batoto wengine ba kwetu baliingia, mutoto wa infirmier, muuguzi wa dispensaire, halafu mapacha ba fundi wa viatu. Mama zao hawakulia hata. Balifika tu na mukeka, na Malunette akaona mukeka toka dirisha akakimbia kufungua. Citoyen Mbuyu yeye, ku salongo, hakusema tena maneno ya konstitisyo. Alisema ya majani tu.

Lakini ile siku ya kwanza, saa sita, Mama Amisa alikuwa anasimama pa njia, nywele zake zingali wazi, anatazama kila kichwa chenye kinatoka. Mariamu akatoka mwisho, craie pa uso, pa masikio, pa robe ya sikukuu.

"Mwanangu! Balikufanyia nini?"

"Niliandika pa ukuta nyeusi. Na hawakunigombeza."

"Na kesho unarudia?"

"Narudia. Lakini weye usikuje na bale bamama. Valérie anaogopa."

"Na kama banafunga tena mulango?"

Mariamu akafikiri, anajipanguza craie pa pua.

"Nitalia mwenyewe," akasema. "Nilishaona vile Mama Ndaya anaanzaka toka mbali."